Chubwi Kiunoni mwa Sabra

Asubuhi ile Sabra aliteka maji, akaosha vyombo, akavaa sare ya shule kama siku zote. Ila chini ya sare alijifunga kamba yenye chubwi, vile vipande vya risasi vinavyozamisha nyavu za baba yake.

Watafiti wa afya walikuwa wanarudi kijijini kwao, Mbuchi, kuwapima wanafunzi urefu na uzito. Mara ya kwanza Sabra alionekana mwepesi mno, na baba yake, Mudathiri, akaja juu.

"Safari hii ukipungua, nakupeleka Ngorongo kwa shangazi yako," alisema. "Mama yako kashindwa kukulisha."

Maneno hayo yalimchoma Sabra. Mama yake, Mwamvua, humpakulia wali kuliko anavyojipakulia mwenyewe. Kutengana naye asingeweza.

Kwenye mzani mambo yalikwenda vizuri. Bi Zena, mtafiti, alisoma kilo akatabasamu. Sabra akashusha pumzi. Kumbe bado kulikuwa na ubao wa kupimia urefu!

"Simama wima, mwanangu. Visigino, makalio na mgongo viguse ubao."

Sabra akarudi nyuma. Chubwi zikagonga ubao, ko! Akaruka mbele.

"Mbona unajikunja? Rudi," Bi Zena akasema, akimshushia kibao cha juu mpaka utosini.

Maskini Sabra! Nyuma chubwi, mbele Bi Zena, kichwani kibao, na foleni nzima inamtazama. Hakuwa na pa kukimbilia. Akarudi nyuma tena, zikagonga tena.

"Una nini kiunoni?"

"Hirizi, daktari."

"Hirizi gani nzito hivyo? Huyo mganga kakuuzia nanga!"

Wenzake wakaangua kicheko, naye akaangua kilio. Bi Zena akamwingiza katika darasa tupu, na huko Sabra akaeleza yote. Alipopimwa upya bila chubwi, uzito ulikuwa umepungua kweli. Bi Zena akamfunua kope, akaona ndani zimepauka kwa upungufu wa damu.

"Huchoki?"

"Nachoka sana. Hata nikitwanga kidogo, nasikia kizunguzungu."

Wazazi waliitwa, wote wakaenda zahanati pamoja na Bi Zena. Vipimo vikaonyesha Sabra ana minyoo ya safura, ile inayopenya miguuni mwa anayetembea peku, kisha inamnyonya damu.

"Kwa hiyo chakula anapewa," Mudathiri alisema taratibu. Aibu ilimshika. "Mama Sabra, nimekukosea. Mtoto haendi popote."

"Na usimtishe tena, baba," alisema Bi Zena. "Mtoto akiogopa, huficha hata maradhi." Kisha akamgeukia Sabra. "Nawe, ningeandika kwamba u mzima, nikaenda zangu, ukabaki unaumwa. Sisi hatupimi ili tumpate wa kulaumiwa, tunamtafuta wa kusaidiwa. Ukidanganya kipimo, unajinyima dawa mwenyewe."

Sabra akameza dawa yake palepale, mkono mmoja umeshika kanga ya mama yake.