Macho ya Nyuma ya Mama

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Chiriku alikuwa na kazi ambayo hakuna mwenzake darasani aliyekuwa nayo. Mama yake alilala kifudifudi kitandani, naye akaikagua ngozi yake kuanzia kiunoni hadi mapajani. Alitazama, akagusa, kisha akasema, "Safi, Mama." Ndipo mama alipovaa, akajihamishia kwenye kiti chake cha magurudumu na kwenda barazani kutengeneza simu za watu.

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Tangu agongwe na lori akiwa na miaka ishirini, mama hakuhisi kitu chini ya kiuno. Ngozi ikichubuka kwa kukaliwa, yeye hana habari. Na kukaa alikaa kweli: mchana kwenye simu, jioni kwenye kiti cha mpira wa kikapu. Alikuwa amecheza miaka kumi na mitatu, saba kati ya hiyo akiwa kapteni. Wenzake walimwita Breki kwa utani, maana akishaushika mpira hajui kusimama.

Mwaka huo timu yao ilifuzu fainali za taifa kwa mara ya kwanza.

"Nikitoka huko nastaafu," mama alisema. "Mabega yamechoka. Lakini fainali hizi sizikosi, hata iweje."

Chiriku naye hakuitwa hivyo bure. Mdomo wake haukuwa na likizo. Muhula huo alijiunga na kikundi cha kuruka kamba, na wenzake wakawa wanampitia mapema, wakimwita mlangoni. Asubuhi moja, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi, alitupa jicho tu, akasema, "Safi!" Kesho yake hata hilo jicho hakulitupa. Alisema "Safi, Mama" akiwa kizingitini, akatoka mbio, na mama, uso wake kwenye mto, hakujua. Hakuna kilichotokea, basi akaendelea hivyo siku tisa.

Siku ya kumi mama aliamka akitetemeka kwa homa. Chiriku alipofunua shuka aliona doa la damu na usaha. Chini ya kiuno cha mama palikuwa na kidonda, upana wake kama kizibo cha soda.

Kwenye zahanati, muuguzi alikisafisha kidonda huku amekunja uso.

"Hiki hakikuanza jana, mama. Nyumbani anakuangalia nani?"

"Binti yangu huyu. Haachi hata siku moja," mama alijibu kwa fahari.

Chiriku alitazama sakafu.

"Fainali ni baada ya wiki tatu," mama akasema.

"Ngozi ikifunga kabisa, nenda. Isipofunga, ukikaa kwenye kiti kile kidonda kitafika kwenye mfupa. Hapo hatutazungumzia mpira tena, tutazungumzia uhai wako."

Wiki hizo mama alitengeneza simu akiwa amelala kifudifudi, skrubu zikipotelea kwenye shuka. Chiriku alibadilisha bandeji kama alivyoelekezwa. Mara nyingi alifungua mdomo ili aseme ukweli, akaufunga. Aliona aibu, na aliogopa.

Jioni ya kuamkia safari, kocha alikuja na jezi ya mama imepigwa pasi, akakaa barazani kungoja jibu. Chumbani, mama akalala kifudifudi.

"Haya, mwanangu. Pamefunga?"

Chiriku alipiga magoti, akafungua dirisha lote. Kidonda kilikuwa karibu kupona. Katikati tu, mahali padogo kama punje ya mahindi, palikuwa bado pabichi. Neno moja tu, "safi", na mama angekwenda. Chiriku alijua kwa sauti ya mama kwamba alikuwa analitamani neno hilo.

"Hapajafunga, Mama," akasema. "Katikati bado pabichi." Kisha machozi yakamtoka. "Na kabla hujaumwa, siku tisa, sikuangalia. Nilisema safi nikiwa mlangoni. Ni mimi, Mama."

Mama alificha uso kwenye mto. Mabega yake mapana yalitikisika. Chiriku alitamani apigwe tu, yaishe. Mwishowe mama akamwita kocha.

"Jezi mpe yule binti mgeni kwenye timu. Sisafiri. Bado pamebaki pabichi kidogo."

"Breki, si umesema ni kidogo tu? Labda tukiweka mto..."

"Hapajafunga, kocha. Aliyeangalia amesema."

Kocha alipoondoka, mama alimvuta Chiriku karibu.

"Umeniumiza, sikufichi. Nimeingoja fainali hii miaka kumi na mitatu. Na mimi nina kosa langu: tulifundishwa hospitalini kujiinua kitini kila mara ili ngozi ipumue, nikajifanya chuma. Lakini nisikilize. Mimi sihisi mwili wangu, kwa hiyo naishi kwa neno lako. Siku usiyoangalia, sema hukuangalia, hilo halitaniua. 'Safi' ya uongo itaniua. Leo ungelisema neno hilo, ningekuamini, ningekwenda. Ukweli wako umeninyima fainali, lakini umeniokoa mimi."

Timu ilishindwa kwa pointi mbili. Mama alifuatilia mchezo kwa simu, akizima na kuwasha, akilia na kucheka. Baada ya siku kumi na mbili ngozi ilifunga, muuguzi mwenyewe akathibitisha.

Asubuhi iliyofuata wenzake walimwita mlangoni, kamba mkononi.

"Chiriku! Tunachelewa!"

"Tangulieni," akajibu kutoka chumbani. "Bado naangalia."