Nongo ya Marehemu

Saa isiyo na betri hutembea kwa mwendo wa mkono. Ukiivua, siku mbili nyingi, imesimama. Hii ilikuwa imekaa siku tisa ndani ya kopo la maziwa, na Fundi Werema alipofungua kopo dukani kwake Iringo aliikuta inatembea, mkanda wake wa chuma una joto la jasho.

"Nani alikuwa anaivaa, mwalimu?"

"Hakuna mtu," Apolinary alijibu chinichini. "Ndiyo maana nimekuletea."

Mwalimu huyo wa Butiama alikuwa mkusanyaji wa saa, tayari anazo kumi na moja, lakini hii ya kumi na mbili ilimtoa akili. Uso wake mweupe ulikuwa umegeuka rangi ya samli kwa uzee, kingo zake hazijawahi kuguswa na msasa, na mshale wa sekunde hauruki, unateleza. Alipewa huko Bunda, siku ya kugawa vitu vya rafiki yake marehemu Shija.

Werema aliigeuza, akabana pua. Kati ya pingili za mkanda ilijaa nongo nyeusi, laini, yenye vinyweleo, inanuka kama samaki furu waliooza juani. Akachukua mswaki.

"Usiisafishe," Apolinary alimshika mkono. "Sisi tunaojua saa tunatakaga kitu kibaki kilivyo."

"Kilivyo gani? Hiki ni kinyaa cha ngozi ya mtu."

Akafungua mfuniko wa nyuma. Kile chuma cha nusu duara, ambacho huyumba mkono unapotikisika, kilikuwa kinayumba na saa imelala mezani. Werema alikitazama na jasho likamtoka, maana miaka thelathini ya kazi ilimfundisha mkono unaotembea unakiyumbishaje na mkono unaolima unakiyumbishaje, na huu haukuwa unatembea wala kulima, ulikuwa unashuka, unatulia kidogo, unapanda hadi mdomoni, unashuka tena, kama wa mtu aliyekaa mbele ya sinia la ugali, na kila ulipopanda Apolinary aliminya mkono wake wa kushoto na kuguna.

"Kunja shati," Werema alinong'ona.

Pale saa ilipokuwa ikikaa kabla haijafungiwa kopo hapakuwa na ngozi. Nyama ilikuwa laini kama muhogo uliochemka kupita kiasi, ina vishimo vya ukubwa wa tonge dogo, bila damu. Chuma kilipanda. Kipande cha nyama kikang'oka mbele ya macho yao, kisionekane kimekwenda wapi.

Werema alichukua simu ya mwalimu, akampigia Petronila, mjane wa Shija, akaweka spika.

"Shemeji, uliiosha?" mjane aliuliza.

Apolinary alishusha mkono wa shati.

"Nilikwambia mbele ya watu. Kwetu vitu vya marehemu vinaoshwaga kwanza. Ukacheka, ukasema sisi washamba. Jini la Shija linakaa kwenye nongo yake. Unadhani jeneza tulilifunga mapema kwa nini, kama si mwili ulivyoliwa?" Akashusha sauti. "Fundi, ioshe yote, hata uso wake, huku unasali. Mkono utapona."

Werema hakungoja ruhusa. Alikoroga sabuni ya unga kwenye beseni, akaanza Baba Yetu, akazamisha mkanda. Nongo ilitoka kwa nyuzi, ikajikunjakunja majini kama minyoo. Chuma kikasimama. Apolinary akashusha pumzi. Maumivu yalikuwa yamekata.

"Bado huku mbele," Werema alisema. "Nongo imejaa chini ya kioo."

"Hiyo rangi itabaki?"

"Itatoka yote. Na itoke."

Apolinary aliipokonya.

"Mwalimu, acha upumbavu. Huo ni mkono wako."

Apolinary aliifuta kwa shati, akarudisha mfuniko, akaielekeza mlangoni penye mwanga na kuutazama ule uso wa samli mpaka akatabasamu. Kisha akafungua kifungo cha shati, mkono wa kulia.

"Huu bado mzima," alisema, akaivaa.