Joka la Matambara

— Hebu niambie, yule joka alikufaje?

Mtangazaji alikuwa amekaa ukingoni mwa meza ya kukatia vitambaa. Mchumba wake, fundi cherehani, alimuuliza bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona.

— Si alichomwa mkuki? Pale mwishoni.

Cherehani ikanyamaza.

— Joka hafi. Filamu nzima hakuna anayekufa.

Uso ukamshuka mtangazaji. Miaka mitatu fundi huyu alishona nguo za watu mchana na joka jioni, akaandika hadithi mwenyewe, akaazima kamera ya kaka yake, mpaka akapata filamu ya maajabu. Ukumbi wa sinema ukampa siku nne tu, asubuhi. Naye mchumba, mwenye kipindi cha filamu redioni, akasema hewani: "Hilo ni joka la matambara, bora mkalale." Wenzake studioni walicheka wakashika mbavu.

— Uliniambia umeitazama mara mbili.

— Niliona tangazo lake tu. Mpenzi, ningeisifu wangesema nakubeba...

— Si ungenyamaza! Nani alikutuma uchekeshe watu kwa jasho langu?

Fundi akamtupia koti lake.

— Nenda. Nina nguo za watu za kumaliza.

Jioni mtangazaji alimwandikia: "Nisamehe." Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Kesho ndiyo siku ya mwisho. Saa nne. Sikuombi uje."

Alikwenda. Ukumbi wa viti mia mbili ulikuwa na watu sita, na mmoja wao alikuwa mama yake fundi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Kaa hapa. Nilimwambia mwanangu, mwenzio kazi zimembana tu, atakuja.

Bora angemtukana. Alikaa, mikono katikati ya magoti kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu.

Kwenye filamu, binti mmoja alipanda mlima kwenda kumuua joka, akamkuta kipofu. Joka hakumla. Alimwomba amsimulie mji aliokuwa akiulinda bila kuuona: paa zake, nguo kwenye kamba, watoto wanaotoka shule. Binti akaweka mkuki chini, akaanza kusimulia.

— Hayo magamba ya kitambaa tulikata mimi na mwanangu, mama alinong'ona. Elfu moja na mia mbili. Vidole vilimvimba.

Mtangazaji alilia, huku akijifanya anakohoa.

Jumatatu, taa nyekundu ya studio ilipowaka, aliisukuma pembeni karatasi aliyoiandaa.

— Wiki iliyopita niliidharau filamu ambayo sikuwa nimeitazama. Nilidanganya. Na aliyeitengeneza ni mchumba wangu. Hilo pia niliwaficha. Filamu ile ni nzuri kuliko nyingi nilizowasifia hapa.

Kabla ya saa sita mkuu wake alikuwa amemnyang'anya kipindi. Simu ikaita.

— Nimekusikia, fundi alisema.

— Usinisamehe kwa sababu ya redio.

— Nani kakwambia nimekusamehe? Jumamosi tunaionyesha tena, kwenye bwalo la shule. Viti havina wa kuvipanga.

Alifika mapema, akapanga viti themanini. Watu walianza kuingia, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Alipomwambia mama mmoja, "Karibu, kaa mbele," mama huyo akasimama ghafla.

— Sauti hii naijua. Si wewe uliyetuambia tukalale?

Vichwa vikageuka. Mtangazaji alibaki na kiti mkononi.

— Ni mimi, mama. Nilikosea.

— Na huku unatafuta nini? Huoni haya?

— Naona, mama.

Fundi alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Alipita katikati ya watu, akashika upande wa pili wa kile kiti.

— Huyu ni mchumba wangu, alisema. Kakosa, na kakiri. Tupisheni, viti havitoshi.