Siku ya Kufunga Maombi

Foleni ya fotokopi ilikuwa imefika barabarani, kila mtu na haraka yake. Fundi cherehani akajipenyeza na gauni lake la kijani alilojishonea mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Dada, umekuja kunipima suti?" mwenye mashine akamtania.

"Nitakupima huo mdomo! Nitolee nakala ya cheti cha kuzaliwa."

Watu wakaangua kicheko. Jamaa akababaika, akatoa nakala mbili, moja ikabaki kwake. Kesho yake Fundi alirudi na karatasi nyingine. Keshokutwa akaja bila karatasi yoyote, na baada ya miezi mitatu walikuwa wanaitana mpenzi mbele ya wateja bila haya.

Fundi alitaka kitu kimoja: kufanya mtihani wa kuingia utumishi wa serikali. Mara mbili ulimpita akimuuguza mama yake. Sasa ana miaka thelathini na mitano, na ukizidi hapo hawakutaki. Tangazo lilipotoka, alimpigia mwenye mashine simu.

"Nisomee, kipenzi. Nina gauni la bibi harusi mezani."

Jamaa akaanza kusoma. "Mtihani ni tarehe ishirini mwezi ujao. Wewe unatimiza thelathini na sita tarehe kumi mwezi huo huo. Pole, mpenzi. Umepitwa."

Maskini, alilia mpaka cherehani ikalala siku mbili.

Wiki mbili baadaye, mteja akaleta tangazo lile lile linakiliwe. Safari hii mwenye mashine akalisoma mpaka chini. Umri unahesabiwa siku ya kufunga maombi, si siku ya mtihani. Na kufunga ni leo, saa kumi! Saa ilikuwa nane na nusu.

Akapiga simu, akaeleza mbio mbio.

"Ulijua!" Fundi akafoka. "Wanaofaulu wanapangiwa mbali, ukaona bora nibaki hapa nikushonee vifungo."

"Haki ya Mungu sikujua. Ila nilipoona ile tarehe, moyo ulifurahi kidogo kwamba huondoki. Nikaacha kusoma hapo hapo. Kosa ni langu."

Simu ikakatwa.

Alifunga duka wateja wakimtukana, akakimbia kwa Fundi na fomu iliyoambatana na tangazo pamoja na ile nakala ya cheti aliyoitunza tangu siku ya kwanza. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Hakumsalimu. Alisoma tangazo mwenyewe, mstari kwa mstari, akajaza fomu, akatia sahihi, akatangulia kwenda ofisi ya maombi.

Karani wa dirishani akahesabu kwa vidole. "Thelathini na mitano na miezi kumi na moja. Umewahi, dada." Akagonga mhuri, na Fundi akalia tena, safari hii kwa furaha.

Nje, kwenye ngazi, akafuta machozi.

"Bado nimekukasirikia."

"Kasirika tu, mpenzi, nimestahili."

"Na nikifaulu, nikapangiwa mbali?"

"Kwani huko watu hawatoi nakala? Nitabeba mashine yangu nikufuate."

Fundi akavua futi shingoni na kumpima mabega, watu wakipita wakiwashangaa.

"Sasa unafanya nini?"

"Simama wima. Mimi siolewi na mtu mwenye shati la wino."