Vifaranga Wasio na Mikia

Kila asubuhi Rachel aliokota mayai bandani kabla ya kumenya ndizi. Aliyapanga kwenye trei, akaiweka kwenye rafu iliyokuwa juu ya jiko la kuni. Mchana moto ulipasha rafu ile mpaka mayai yakawa vuguvugu. Usiku baridi ya mlima ilipenya kwenye nyufa za mbao, mayai yakapoa kabisa. Baada ya wiki mbili trei ilijaa. Hapo Rachel na mumewe, Kaanaeli, waliyatia mayai kwenye mashine ya kutotolesha.

Nyumba yao ilikuwa mlimani, juu kidogo ya mji mdogo wa Maji ya Chai. Walikuwa na kahawa, migomba na kuku.

Jumanne moja ukungu ulishuka hadi mlangoni. Rachel alisikia milio ndani ya mashine, akafungua. Kati ya mayai sitini, yaliyopasuka yalikuwa kumi na moja tu. Alimshika kifaranga wa kwanza. Macho yake yalikuwa makali. Lakini nyuma alikuwa mviringo, laini kama limau. Hakuwa na mkia.

Wa pili naye hakuwa nao. Wa tatu alikuwa na mgongo uliopinda. Alitembea kwa kuzunguka, akazunguka, akazunguka, bila kutoa sauti.

Kaanaeli alipasua yai moja kati ya yaliyobaki. Ndani mlikuwa na kifaranga aliyekufa, amejikunja, jicho moja limefumbuka.

"Usiangalie," Kaanaeli alisema.

Rachel alikuwa ameshaangalia. Alishika tumbo lake. Mimba ilikuwa ya miezi minne.

Mama mkwe wake, Elieshi, alisimama mlangoni.

"Nani aliingia jikoni humu?" aliuliza.

"Ni Naeku tu, mama. Alikuja kuomba kaa la moto."

Elieshi alishusha sauti. "Naeku alizika mtoto mwaka jana. Mtu wa namna hiyo jicho lake halitulii."

Siku ya pili jirani yao Naeku alikuja na maziwa. "Hodi! Hodi hapa!" Rachel alijibanza nyuma ya mlango, akazuia pumzi. Kupitia ufa aliona kivuli cha Naeku kikisubiri. Kilikaa muda mrefu. Kisha kikaondoka.

Tangu hapo Rachel hakuwa na amani. Kila alipokaa peke yake alipapasa mgongo wake, akahesabu pingili kwa kidole. Alikuwa akijiuliza mtoto aliye tumboni anazo ngapi.

Ijumaa Kaanaeli alimleta Nancy, afisa mifugo wa kata. Watu walimwita dokta.

"Shikamoo mama," alimwamkia Elieshi.

"Marahaba, mwanangu. Nyumba hii imeingiliwa."

Nancy hakubisha. Aliwatazama vifaranga mmoja mmoja. Kisha akaingia jikoni, akagusa rafu.

"Mayai mnaweka hapa?"

"Ndiyo, dokta," Rachel alijibu. "Yasipigwe na baridi."

Nancy aliomba blanketi, akaziba dirisha. Chumba kikawa giza. Alichukua yai moja la trei nyingine, iliyoingizwa kwenye mashine Jumanne ileile, akaliwekea tochi ya simu chini yake. Yai likawaka jekundu. Ndani mlikuwa na mishipa myembamba kama miguu ya buibui. Katikati, kitone kilirukaruka.

Nywele zilimsimama Rachel. "Ni nini hicho?"

"Moyo. Ana siku tatu tu. Na sasa hivi, tunavyomtazama, anahesabu."

"Anahesabu nini?" Elieshi aliuliza kwa woga.

"Pingili zake. Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo sana, vinaitwa seli. Ndani ya seli kuna jeni, ndiyo maagizo ya kujenga mwili. Jeni moja huwaka, ikatengeneza kemikali. Kemikali ikijaa, huizima jeni. Kemikali ikiisha, jeni huwaka tena. Kuwaka na kuzima, kama saa. Kwa kuku kila mzunguko ni dakika tisini hivi. Kila mzunguko hukata jozi moja ya vipande vya mwili, na humo ndimo pingili hutoka. Huanzia shingoni. Mkia ni wa mwisho."

Kitone kiliendelea kuruka gizani.

"Yai likipata joto, kazi huanza," Nancy aliendelea. "Likipoa, husimama. Ninyi mmeliamsha kila mchana na kulilaza kila usiku kwa wiki mbili. Seli nyingine hufa, nyingine hupoteza hesabu. Kilema kingine hurithiwa, kwa hiyo nitawaangalia na kuku wazazi. Lakini nadhani aliyekata mikia ni rafu hii."

Rachel alimsogelea. "Na wangu, dokta? Naye anahesabu?"

"Alihesabu, jozi moja kila saa tano hivi. Alimaliza hata kabla tumbo halijaonekana. Mwili wako una joto lake, si kama yai la rafuni. Kifaranga hawezi kumwambukiza kilema. Ila mimi ni wa mifugo. Nenda kliniki wakupime."

Rachel alikwenda. Alipimwa kwa ultrasaundi. Muuguzi alimwonyesha mgongo wa mtoto, mweupe, umenyooka kama uzi wa shanga. Akamwambia akipanga mimba nyingine, aanze mapema vidonge vya asidi ya foliki, vya kulinda mgongo wa mtoto, kabla hajapata mimba.

Trei ya mayai ya Jumanne ilitoa vilema tena, kama Nancy alivyohofia. Lakini mayai mapya yalikaa stoo yenye ubaridi usiobadilika, ncha nyembamba chini, si zaidi ya siku saba. Kwenye mashine waliyageuza mara tatu kwa siku, wakaacha siku ya kumi na nane.

Siku ya ishirini na moja, Rachel alikwenda mwenyewe kwa Naeku.

"Nilikuwa nyuma ya mlango siku ile," alisema. "Nilikuogopa. Nisamehe."

"Nilikusikia ukipumua," Naeku alijibu. Kisha akachukua khanga yake, wakafuatana.

Kati ya mayai thelathini, vifaranga ishirini na sita walitotolewa. Mikia yote ilikuwepo. Naeku aliinama kuwatazama, na machozi yakamtoka.

Elieshi alimvutia kiti.

"Mwanangu," alisema, "yule mtoto mliyemzika alikuwa anaitwa nani?"

Naeku aliinua uso. Tangu mazishi hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nashipae," alisema.