Mheshimiwa Akifumba Macho

Ofisi ya umeme ilikuwa na madirisha sita, na lililofunguliwa lilikuwa moja. Hayo mengine wakubwa waliyaweka ili jengo lipendeze siku ya kukata utepe. Foleni ilitoka mlangoni ikapinda mpaka kwa muuza vocha, watu wanasukumana kama magunia yanayoshushwa. Fundi wa friji, mgane aliyechoka kula peke yake, alikuwa katikati ya msukumano huo aliposikia kikapu cha mbele yake kikinguruma.

"Dada, umebeba mashine gani humo?"

Mwanamke akageuka. Gauni la kijani lililomkaa kiunoni, nywele zilizosukwa mistari iliyonyooka, na marashi yaliyomsahaulisha Fundi namba ya mita yake. Akafunua kitambaa. Paka mnene wa rangi ya majivu akawakodolea macho.

"Anaitwa Mheshimiwa. Anakula, analala, kazi hafanyi."

"Cheo kimempata mwenyewe! Sasa anapelekwa wapi?"

"Nyumba yangu wameipiga alama nyekundu, eti barabara inapita. Tunahamia kwa shangazi."

"Lakini yeye anaona raha tu. Sikia anavyonguruma."

"Kwani wewe unajua paka?"

"Najua friji. Likinguruma ni zima. Likinyamaza ndipo naitwa."

Akacheka mpaka waliokuwa nyuma wakageuza shingo. Dirisha likafungwa ili karani akale chakula cha mchana, na umeme wawili hao hawakuupata, ila Fundi aliondoka na namba ya simu ya yule mwanamke, msusi wa nywele.

Basi simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekunywa chai na sauti yako."

"Muongo! Nasikia unatafuna mkate."

Jumapili Fundi akaitwa kwa shangazi. Alikwenda na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Mheshimiwa alikuwa kwenye zulia, mkia wake unapiga sakafu, pa, pa, pa.

"Tazama mkia! Amenifurahia huyu, kama mbwa wa jirani yangu."

Paka akajilaza chali, tumbo juu. Fundi, kwa furaha ya mtu aliyekaribishwa, akatia mkono. Kilichofuata ni kucha nne na shati jeupe lenye madoa mekundu.

"Pole, baba," alisema shangazi, lakini jicho lake halikusema pole.

Alirudi tena, na tena. Safari hizo Mheshimiwa alikaa mbali, akamtazama, akafumba macho polepole, akayafumbua, kisha akamgeuzia mgongo.

"Umeona?" shangazi alimnong'oneza msusi jikoni. "Anamdharau. Anamfumbia macho kama anaona uchafu. Paka huyu alikuwa wa marehemu mama yako, na mama yako alikuwa anajua watu."

Neno hilo likamwingia msusi kama mwiba. Angeolewaje na mtu ambaye hata paka wa mama yake hataki kumwona? Simu zake zikapungua.

"Upo?" Fundi aliuliza.

"Nipo."

"Umenikasirikia?"

"Hapana."

"Basi tuko sawa?"

Simu ikakatika. Fundi akawa anaita hewa tupu.

Fundi akachanganyikiwa. Alirudia maneno yote aliyowahi kumwambia, moja moja, akitafuta lililoungua, asilione. Akapeleka marashi. Akapeleka viatu. Msusi akapiga simu, sauti kavu:

"Mbona unanigawia vitu kama mgombea? Baada ya kura utanisahau?"

"Kura gani tena, mpenzi? Mimi sijaelewa hata kosa langu!"

Akakata. Fundi akabaki ameshika simu, hajui kama ameachwa au anatishiwa.

Wiki ikapita, Fundi akapigiwa tena.

"Mheshimiwa yuko chini ya kitanda. Hali chakula."

"Ananguruma?"

"Mchana kutwa."

"Basi ni mzima."

Asubuhi yake simu ikaja na kilio: mto wa paka una damu. Fundi aliacha friji la bucha limefunguliwa mgongo, mwenye bucha akimtukana, akakimbia.

Zahanati ya mifugo ilikuwa na bango kubwa kuliko dawa zake. Mganga mkuu alikuwa semina, kama kawaida yao. Aliyebaki ni mama mmoja mwenye aproni iliyopauka. Alifungua kinywa cha Mheshimiwa, akatikisa kichwa.

"Jino limeoza. Ana maumivu ya siku nyingi."

"Lakini alikuwa ananguruma!" Fundi alisema.

"Paka akiumwa pia hunguruma. Anajibembeleza."

Fundi akakaa kwenye benchi taratibu.

"Marehemu mke wangu alikuwa akiimba jikoni," alisema. "Nikadhani anapona. Na kule hospitali walimrudisha nyumbani na vidonge vya kichwa."

Msusi hakuwa amewahi kusikia hayo. Akamshika mkono, kisha akamuuliza yule mama, "Na akimtazama mtu akafumba macho polepole? Akampa mgongo?"

"Huyo anamwamini. Adui hapewi mgongo. Mkia ukipiga sakafu ndiyo hasira. Na akilala tumbo juu, usiliguse."

Msusi akaziba uso kwa kanga. Mabega yakatikisika. Fundi hakujua kama anacheka au analia.

"Kumbe alikupenda tangu mwanzo," alisema ndani ya kanga. "Mimi nikakunyima simu kwa sababu ya uso wa paka."

"Kwa sababu ya *paka*? Na mimi nikanunua viatu!"

"Vinabana, hata hivyo."

"Sasa wewe ukinyamaza, nikusome vipi?"

"Usinisome. Niulize."

Mheshimiwa alikuwa amelala kwa dawa, ulimi nje. Fundi akafuta mikono yenye grisi kwenye suruali yake.

"Haya, nakuuliza. Utakubali niwe mume wako?"

Msusi akageukia ukutani. Machozi yakamtoka, mdomo ukakunjika kama wa mtu aliyepewa habari ya msiba. Fundi akasimama, moyo chini.

"Samahani. Nimekuudhi?"

"Nimekubali, bwana! Nimekubali!" akasema, akilia kwa sauti zaidi.

Fundi akamkumbatia, akamtazama yule mama wa aproni juu ya bega lake, kana kwamba anaomba kutafsiriwa. Yule mama akainua mabega. Ishara za binadamu hakuzisomea.