Kaa Katikati

Wa kwanza kukaa nusu kiti alikuwa Leodegar, mpangaji wa magari ya wageni. Alivuta kiti cha mapokezi, akaketi upande wa kushoto tu, paja moja likining'inia hewani, kama mtu aliyebanwa kwenye benchi la kanisa siku ya Pasaka. Aikande aliandika kwenye daftari lake: "Kiti kina kasoro?" Wa pili akawa Naomi wa stoo. Naye akakaa nusu. Kufika saa sita mchana walikuwa wamepita wanne, na wote walikaa upande ule ule.

"Mbona umekaa pembeni?" Aikande alimuuliza Naomi.

Naomi alimtazama kama hakuelewa. "Nimekaa kawaida tu, dada."

Aikande alikuwa mwanamke wa Machame aliyesomea kompyuta Dar es Salaam. Kazi yake haikuwa na jina la Kiswahili. Mama yake alipomuuliza alijibu, "Natazama watu wanavyohangaika na programu, halafu nawaambia walioitengeneza ni wapi walipokosea." Mwaka huo wa 2004, loji moja juu ya mji wa Karatu, kando ya barabara ipandayo hadi geti la Ngorongoro, ilikuwa imewekewa programu mpya ya kupokea buking za vyumba. Wafanyakazi waliikwepa, wakarudi kwenye daftari kubwa la zamani. Meneja, Sebastian, mtu wa Arusha, akamwita Aikande kwa siku tatu.

"Nitajie tu nani hawezi," Sebastian alimwambia. "Asiyeweza arudi kwao akalime."

"Mimi sipimi watu, kaka. Napima programu."

"Sawa. Lakini nitajie."

Sheria ya kazi ya Aikande ilikuwa moja, na ngumu. Mtu akikwama, usimsaidie. Unakaa nyuma yake, unatazama, unaandika. Ukimwonyesha, umeharibu kila kitu, maana hutajua tena angefanya nini akiwa peke yake.

Jioni ile alikipindua kile kiti. Skrubu zilikuwa imara, magurudumu mazima. Hata hivyo akaomba kingine kutoka chumba cha kulia chakula, akakiweka mahali pake.

Siku ya pili ukungu uliteremka kutoka msituni, ule ukungu wa mwezi wa saba unaozima mchana, hata madereva wakawasha taa saa tatu asubuhi. Mapokezi palinuka. Ilikuwa harufu ya tope la mahali ng'ombe wanapokunywa, maji yaliyokanyagwa na majani yaliyooza. Na chini ya sakafu palisikika kitu kinachomeza. Kinameza, kinatulia, kinameza tena. Aikande alimwita Nehemia, fundi wa loji, amwonyeshe bomba.

"Hapo chini hakuna bomba, dada," Nehemia alisema, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Ndipo akaingia Rozalia. Alikuwa mpokea wageni, Mwiraqw wa Endamarariek, mwanamke mpole ambaye wageni walimkumbuka kwa jina hata baada ya miaka. Alikaa nusu kiti, kiti kile kipya, akaanza kazi ya kwanza kati ya kumi na mbili za jaribio, ya kumwandikia mgeni chumba. Alikwama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa ubavuni, haukukifikia kipanya sawasawa. Akabonyeza mahali pasipofaa, akafuta, akabonyeza tena. Nyuma ya mlango wa kioo Sebastian alikuwa amesimama, mikono kifuani, anatazama.

Aikande alimwonea huruma. Alijua ni jina la nani lingekuwa la kwanza kwenye orodha ya meneja. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaivunja sheria.

"Rozalia," alinong'ona, "kaa katikati. Mkono utafika."

Rozalia hakugeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayesema karibu na mtoto aliyelala. "Siwezi, dada. Pana mtu."

"Wapi?"

"Usimwangalie. Bibi zetu walichota maji hapa hapa, na walikuwa wakiomba ruhusa kwanza. Hii loji wameijenga juu ya chemchemi. Mwenyewe bado yupo. Wenzangu hukaa pembeni bila kujijua, mimi najua. Ukimwachia nafasi yake, hana neno."

Aikande akaangalia. Upande wa kulia wa kiti palikuwa patupu. Lakini mto ulikuwa umebonyea, umebonyea sana, kama unavyobonyea chini ya mtu mzima. Alijiambia kwamba sponji ni ya zamani. Akageuka kumtazama Sebastian, aliyekuwa anaangalia saa yake.

"Bosi anatuona," alisema. "Dakika kumi tu, mdogo wangu. Kaa vizuri."

Rozalia alifumba macho. Kisha akajisogeza, akakaa katikati.

Hata kile kimezacho chini ya sakafu kikaacha kumeza. Halafu mikono ya Rozalia ikainuka, ikaanza kuandika, na iliandika kwa upesi ambao Aikande hakuwahi kuuona, kazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote kumi na mbili bila kosa hata moja, na zilipokwisha mikono haikusimama, ikaendelea kugonga vitufe huku maji yakichuruzika kutoka kwenye ncha za vidole, maji ya rangi ya tope, yakijaa kwenye kibodi, yakishuka mezani, yakimwagikia viatu vya Aikande, naye Aikande amekaa na kalamu mkononi, anatazama tu, kama alivyozoea kutazama, huku uso wa Rozalia ukimgeukia taratibu, ukitabasamu tabasamu pana la mtu aliyenyoosha miguu baada ya safari ndefu.

Sebastian ndiye aliyepiga kelele.

Walimlaza kwenye kochi la wageni. Naomi, Mlutheri asiyekosa ibada, alimshika kichwa akaomba kwa sauti, na kila alipomaliza, kinywa cha Rozalia kilisema "Amina" kabla ya watu wote. Naomi akaacha kuomba. Nehemia akachukua gari, akaenda Endamarariek, akarudi alasiri na mzee Qamara, mganga aliyefahamiana na ukoo wa Rozalia, pamoja na mama yake Rozalia, aliyembeba mgongoni Hosiana, mtoto wa Rozalia wa miaka minne.

Hosiana aliteremshwa akakimbilia kwa mama yake. Alipobakiza hatua mbili alisimama. Akamtazama, akarudi nyuma kinyumenyume, akajificha kwenye sketi ya bibi. Hakulia.

Qamara hakuja na kishindo. Aliweka asali na majani mabichi sakafuni, akapiga magoti, akaongea Kiiraqw polepole, kwa adabu, kama mtu anayesuluhisha ugomvi wa wakwe. Jibu lilikuja kwa Kiswahili safi, na lilielekezwa kwa Aikande.

"Nilikuwa na nusu, nikaridhika. Huyu dada ndiye aliyenipa mtu mzima."

Qamara alimgeukia Aikande. "Ulimpa?"

"Nilimwambia akae vizuri," Aikande alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka kumsaidia."

"Basi aliyetoa ndiye aombe."

Aikande akapiga magoti kwenye yale maji. "Naomba umwachie. Nilikosea mimi. Kama lazima uwe na mtu, nichukue mimi."

"Wewe ni mpita njia," kinywa cha Rozalia kilijibu, bila hasira. "Kesho uko Arusha, keshokutwa uko Dar. Mimi ni wa hapa. Nataka mtu wa hapa."

Mzee alijaribu mpaka jua likashuka. Mwishowe alinawa mikono akamwambia Sebastian, "Hafukuziki kwa sababu hana pa kurudi. Chemchemi yake ipo chini ya sementi yako. Bomoa hapa, maji yapate kutoka, huenda akashuka."

"Nibomoe mapokezi mwezi wa saba?" Sebastian alisema. "Loji imejaa wageni, mzee. Na wenye loji hawapo hata nchini. Nitawaambia nini?"

Aikande alimsihi. Alimsihi usiku ule, akamsihi kesho yake, akawaandikia wenye loji barua mbili. Hazikujibiwa. Rozalia alirudishwa kwao amelala nyuma ya gari, nguo zake zimelowa ingawa mvua haikunyesha.

Ulipita mwaka mzima kabla Aikande hajapata ujasiri wa kwenda Endamarariek. Mama yake Rozalia alimpokea bila lawama, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Wakiwa bado uani, alimwambia kwamba Rozalia anakula, anaoga, anapalilia mahindi, hasemi. Hosiana alipelekwa Qurus kwa shangazi yake, maana hakupata usingizi kwenye nyumba ile, na humo ndani hawataji tena alipo.

"Mkae kidogo," mama alisema walipoingia ndani. "Nikatafute chai."

Rozalia alikuwa ameketi juu ya kigoda karibu na dirisha. Alikuwa amenenepa. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imejikunja, nyeupe, kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Aikande alivuta kigoda kingine, akakaa mbele yake.

Ghafla kiganja cha Rozalia, kilicholowa maji, kilimkamata mkono. Macho ya Rozalia yalikuwa yamefunguka, na yalikuwa macho yake mwenyewe, yale yaliyokuwa yakipokea wageni.

"Amesinzia," alinong'ona haraka, midomo haichezi vizuri. "Hasinzii sana, dada. Niambie upesi. Mwanangu yuko wapi? Nasikia kila kitu lakini jina lake hawalitaji tena hapa ndani."

"Hosiana yuko Qurus," Aikande alisema. "Yuko kwa shangazi yake, ameanza chekechea, ni mzima kabisa, na anaku—"

Tabasamu lile pana lilifunguka taratibu usoni pa Rozalia.

"Qurus," kinywa kilisema. "Ahsante."